Koni inavuma, sensa inaning'inia

Wadau wa Altezza na Honda hapa kampasi, leo msininunie. Mmetoa boksi la eya klina, mmefunga filta ya koni, gari inavuma, mnasema imeongezeka nguvu. Nguvu ipi?

Ile sensa ya hewa ina kawaya kamoto ndani. Hewa ikipita inakapoza, na kompyuta ya gari inapiga hesabu ya petroli kutokana na hapo. Hesabu imepangwa kwa upana wa bomba la kiwandani. Fundi akikuwekea bomba nene, hewa ileile inapita taratibu, sensa inasoma kidogo, petroli inapungua, na ukikanyaga mpaka mwisho injini inaanza kugonga. Akiifunga mshale ukiangalia nyuma, au karibu na kona ambapo hewa inazunguka, ndo kabisa! Na zile filta za kupakwa mafuta, ukizidisha yanaganda kwenye kawaya.

Honda nyingi za zamani zina sensa ya joto la hewa. Huyo fundi wenu anaiacha inaning'inia juu ya injini. Inasoma joto la chini ya boneti, kompyuta inachelewesha moto wa plagi. Yaani umelipa hela upunguziwe nguvu, jamani!

"Mbona taa haijawaka?" Taa inawaka waya ukikatika. Joto la uongo kompyuta inaliamini tu.

Kabla hujamlipa, mwambie akuonyeshe sensa kaifunga wapi. Akicheka, dai boksi lako la zamani. Haya, nina test Jumatatu.