Tusiutupe Umeme Wetu

Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipowashwa kule Rufiji mwezi Februari 2024, wako ndugu zetu wasemao kwamba habari ya kubana umeme imekwisha. Husema: "Mitambo 9, megawati 2,115! Umeme tunao, tuutumie." Furaha yao twaielewa, maana sote twaikumbuka migao ya mwaka 2022 na 2023, vinyozi walipokaa vibarazani mikono mitupu. Lakini maneno hayo si ya kweli, na yatupasa tuyajibu kabla hayajawa desturi.

Tukumbuke tulikotoka. Tulishangilia Kidatu ilipoanza kutoa umeme mwaka 1975, tukashangilia tena Mtera mwaka 1988, na tulikuwa na haki. Hata hivyo ukame ulitutia gizani mwaka 1992, na tena mwaka 2006. Mtambo wa maji hauzunguki kwa sifa; huzunguka kwa maji. Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kutupatia umeme mwaka 2004, imetusaidia sana, lakini nayo huchimbwa, na kitu kichimbwacho hupungua. Bandu bandu huisha gogo.

Tena, umeme ni fedha ya mfukoni. Uniti moja ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Taa tatu za zamani za wati 60, zikiwaka saa sita kila siku, hula uniti 32 kwa mwezi. Taa tatu za LED za wati 9 hazifiki uniti 5. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo aliwekewa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo, kodi mbali. Basi aliyeng'ang'ania taa za zamani alimaliza karibu nusu ya fungu lake la bei nafuu kabla hajachomeka hata pasi.

Lakini jambo lituumizalo zaidi ni la nyumba zetu za kupanga. Vyumba sita, LUKU moja. Mama mwenye taa moja tu huchangishwa sawasawa na jirani mwenye friji, pasi na koili ya kuchemshia maji ya kuoga. LUKU ikilia hakuna atoaye, kila mtu humtazama mwenziwe, na mtoto wa darasa la saba husoma kwa mshumaa. Mtu apotezaye umeme katika nyumba ya namna hii hatupi mali yake. Anatupa mali ya jirani. Huo si uzembe tu, ni dhuluma.

Twashauri hivi. Wapangaji wakae kikao, waandike vyombo vya kila chumba, wati zake na saa za kutumika, kisha kila mmoja achange kwa kadiri ya matumizi yake. Mabalozi wetu wa mashina wasaidie pale ambapo hesabu inaleta ugomvi. Nguo za juma zima zipigwe pasi siku moja, maana kila pasi ipoapo na kuwashwa tena hula upya. Chakula cha moto kisiingizwe katika friji. Mpira wa mlango ukaguliwe kwa karatasi: ikichomoka bila kushikwa, baridi inatoka na fedha inatoka. Televisheni izimwe ukutani.

Na sisi viongozi tusiwahubirie watu kwa midomo tu. Juzi tumeingia katika ofisi moja ya chama, saa nne ya asubuhi, tukakuta taa ya nje inawaka juani na feni mbili zinapepea viti vitupu. Tulipouliza, tukajibiwa kwamba bili hulipwa na chama. Chama ni nani? Ni yule yule mama mwenye taa moja, aliyelipa ada yake.

Basi, ndugu, uondokapo chumbani nyosha mkono uzime. Ni kazi ndogo, haihitaji mkutano wala azimio. Lakini asiyeweza kuifanya hiyo nyumbani kwake, tumwamini vipi kwa kazi iliyo kubwa?