Kalvati Halizibi Lenyewe

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, kalvati lake likiwa limezibwa na magogo na tope, yalipata njia kwa kishindo yakaporomokea Mai Mahiu. Zaidi ya watu 50 walikufa, wengi usingizini. Masika yale yaliua karibu watu 300 kote Kenya. Matanga yakaisha, tukafarijiana kwamba ni mapenzi ya Mungu. Wenzangu, tusimsingizie Mungu.

Chanzo tunakijua: makaa ya mawe, mafuta na misitu iliyofyekwa vimepandisha hewa ya ukaa kutoka sehemu 280 kwa kila milioni, kabla ya viwanda, hadi zaidi ya 420, na hewa hiyo huipasha dunia joto. Wapo wanaolisingizia jua. Lingekuwa jua, anga la juu lingepata joto pamoja na la chini. Vipimo vinaonyesha la juu linapoa. Wengine husema mafuriko yalikuwepo 1961 na 1997, na hawaongopi. Lakini hewa ikizidi joto kwa nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo lazima ushuke mahali. Watafiti wa World Weather Attribution walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliizidisha mvua ya masika yale kwa asilimia 5 hivi. Kidogo? Debe lililojaa hadi mdomoni humwagika kwa kikombe kimoja. Na debe tulilijaza wenyewe: taka mitaroni, nyumba kingoni mwa mito, hati miliki juu ya ardhi oevu. Aliyetia sahihi hati hizo ana jina, ana ofisi, na mshahara wake tunaulipa sisi.

Pingamizi zito ni hili: Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa ya dunia, basi tuhangaike kwa nini? Basi sisi ndio wadai, na mdai ndiye wa kwanza kupaza sauti, si wa kwanza kulala. Mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 umeahidiwa mamilioni, na hasara ni ya mabilioni. Wabunge wetu wabanwe waseme wanadai nini. Kuhusu miti, kila mmoja afanye awezalo, wala mama anayepikia makaa kwa sababu gesi imemshinda bei asilaumiwe. Lakini mitaro haina udhuru. Kabla ya vuli, kila mtaa utoke Jumamosi na majembe, sururu na mikokoteni. Kalvati linaloshinda nguvu zetu lipigwe picha, picha ifike kwa mwakilishi wa wadi, na turudi mlangoni pake kila wiki hadi achoke kutuona. Barazani tudai ramani ya kingo za mito, ibandikwe ukutani kila mtu aisome. Na nawasihi, tingatinga la kubomoa nyumba za kingoni likija tena, tusikubali lianzie na kuishia kwenye vibanda vya mtaa wa Mathare, huku ghorofa za wakubwa zikiachwa zimesimama mtoni.