Maganda ya Korosho na Heshima ya Profesa Mubofu

Ukisema huku Kilifi kwamba Profesa Egid Mubofu, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anastahili kuenziwa kwa kazi yake juu ya maganda ya korosho, watu hucheka kwanza, kisha hoja huanza kumiminika. Karibu zote zina ila.

Ya kwanza: ganda ni taka. Aliyewahi kukaa na akina mama wanaokaanga korosho juu ya kipande cha bati anajua si kweli. Ganda hutema mafuta, mafuta hushika moto, moshi mweusi huwasha macho, na mbanguaji hujipaka majivu vidoleni asibabuke. Mafuta hayo yanayobabua ndiyo mali yenyewe. Sehemu yake kubwa ni asidi ya anakadi. Ikipashwa moto hutoa kabonidayoksaidi na kubaki kadanoli, yaani fenoli yenye mkia wa kaboni 15. Mwanakemia Leo Baekeland alipotengeneza plastiki ya Bakelite mwaka 1907 alitumia fenoli na fomaldehaidi, akapata kitu kigumu lakini kinachovunjika upesi. Kadanoli ikitiwa humo, ule mkia huipa polima unyumbufu bila kuinyima uwezo wa kuhimili joto. Ndiyo sababu unga wa resini ya korosho huchanganywa kwenye breki pedi za magari. Kuna matatu hapa Kilifi zinazosimama kwa msaada wa kitu tunachokichoma jalalani.

Ya pili ina uzito zaidi: huyu hakugundua kitu, kwani Mmarekani Mortimer Harvey alikuwa akitengeneza resini za korosho hata kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na Wahindi wamefanya biashara hiyo miaka mingi. Kweli kabisa. Lakini hakuna anayemtaka Mubofu avae kofia ya Harvey. Ustadi wake ni vichocheo. Mwaka 2001, akiwa na James Clark na Duncan Macquarrie wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, alichapisha kazi kuhusu kichocheo cha paladiamu kilichoshikizwa juu ya silika. Huko Dar es Salaam, mafuta ya ganda yenyewe yakatumika kama kalibu ya kuundia silika yenye vitundu vidogo mno. Mwaka 2015 yeye, James Mgaya na wenzao, akiwemo David Cole-Hamilton wa Chuo Kikuu cha St Andrews, walionyesha jinsi ya kuigeuza kadanoli kuwa kemikali zinazowavuta mbung'o, wadudu wanaoeneza maradhi yanayoua ng'ombe wetu. Kwa hiyo hata kumwita mtu wa polima tu ni kumpunja.

Wako pia mashabiki wanaomharibia. Husema plastiki ya korosho itaoza yenyewe baharini, na fuo za Watamu zitakuwa safi. Si hivyo. Resini ya kadanoli iliyokwisha kukazwa haiozi kirahisi. Hupendwa kwa uimara wake. Faida yake iko mwanzoni: inatoka kwenye ganda la mti unaozaa kila mwaka, haichimbwi ardhini, na haimnyang'anyi mtu chakula. Anayetaka kuisifu aisifu kwa hilo.

Wapo pia wanaompinga kwa asili yake: eti ni Mtanzania? Mkanju wenyewe ulitoka Brazili kwa merikebu za Wareno, na hatujaung'oa.

Hoja ya mwisho ndiyo inayouma: kiwanda cha korosho cha Kilifi kilijengwa miaka ya 1970, kikafungwa miaka ya 1990, basi elimu hii ni ya nini? Marufuku ya Kenya ya mwaka 2009 ya kuuza nje korosho ghafi ilitaka ubanguaji ubaki nchini, lakini ganda halikufikiriwa. Nalo ni zaidi ya nusu ya uzito wa korosho ghafi, na karibu robo ya uzito wa ganda lenyewe ni mafuta. Anayebangua kisha akauza kiini peke yake amejinyima pato la pili, halafu hushangaa kwa nini hesabu haziingiani.

Hotuba na ngao hazitamfaa Mubofu. Serikali ya kaunti ikiletewa mpango wowote wa kufufua korosho, iulize kwanza: mashine ya kukamua maganda iko wapi? Na Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoko papa hapa Kilifi, kiwape wanafunzi wake wa kemia mafuta hayo wayafanyie kazi.