BAKORA SI DAWA YA UTORO



Kulla msimu wa karafuu ukiingia, khasa kule Pemba, madawati hubaki matupu, na wakubwa wa elimu husimama kuwalaumu wazee. Sisi twasema lawama hizo zimekosea mlango.

Hebu na tuutazame utoro kama ulivyo. Karafuu haimngoji aliyeko darasani: isipochumwa kabla ya kuchanua, thamani yake imepotea. Mwani nao haufikiki ila maji yakitoka, na maji hayafuati kengele ya skuli. Mtoto wa maskini huitwa na chungu cha nyumbani kwao, akaitika.

Na akirudi hupokewaje? Kuna skuli zimpokeazo kwa bakora, na nyingine humrejesha nyumbani kwa siku kadhaa. Ajabu ilioje! Aliyekosa masomo aadhibiwa kwa kukoseshwa masomo. Alitoka kwa njaa. Sasa haji kwa njaa na hofu.

Tena karafuu hizo zauzwa kwa nani? Kwa shirika la Serikali iyo hiyo yenye skuli. Mkono mmoja wapokea magunia, wa pili washika bakora.

Serikali hujisifu kwa tangazo la Septemba 23, 1964, la elimu bila ya malipo. Lilikuwa tangazo jema, nasi hatulikanushi. Lakini sare, madaftari na nauli havikutangazwa bure. Nchi yetu iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989. Kifungu cha 28 chaitaka Serikali ihimize mahudhurio, na nidhamu ya skuli ichunge utu wa mtoto. Ahadi imetiwa sahihi, twaidai.

Kwanza, daftari la mahudhurio liandike sababu ya kulla asiyefika, na mwalimu na kamati ya skuli wafike nyumbani kwake wiki iyo hiyo. Pili, sehemu ya pato la karafuu ilishe watoto chakula cha mchana katika skuli za mashamba. Tatu, masomo yaliyopotea yafidiwe, na adhabu ya kufukuza watoro ikomeshwe.

Nanyi wanachama wenye mikarafuu, msimpandishe mtoto mtini saa za skuli. Tawi la mkarafuu huvunjika upesi, na madai yetu hayatakuwa na uso ikiwa watoto wachuma katika mashamba yetu.