Barazani: Mwalimu Asiyevaa Viatu

Mwaka 2020, shule zilipofungwa tarehe 17 Machi kwa ajili ya ugonjwa wa korona, nalikaa nyumbani kwangu Iringa, nikitunga maswali ya mtihani kwa simu pamoja na walimu wenzangu walioko Mbeya, mwendo wa kilomita zaidi ya 300. Juu nalivaa koti na tai. Chini msuli, na miguu mitupu. Siku moja jogoo akawika mlangoni, na mkubwa wetu akauliza kwa upole ni mjumbe gani huyo aombaye kusema.

Baba yangu alikuwa amekuja kututazama. Siku tatu alinisikia nikinena peke yangu chumbani, wala hakuniona nikitoka. Siku ya nne akaenda kijijini alfajiri, akarudi jioni na madebe mawili ya mahindi. Akanivuta kando, akaninong'oneza, "Mwanangu, usinifiche. Umefukuzwa? Ulikula fedha za watu?"

Nikamwonyesha nyuso za wenzangu katika simu. Akapokea shikamoo zao moja moja, kisha akawasihi wanisamehe.

Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, nalivaa viatu mapema. Mzee akanisindikiza hata njia kuu, akaniagiza nisirudi kabla ya jioni.