Ua Una Mtetezi, Fundi Je?

Kama una ndugu Uingereza, hizo picha umetumiwa: nyumba za matofali mekundu, ua wa mimea umekatwa ukanyooka kama umepimwa kwa rula, barabara tupu saa nane mchana. Halafu ujumbe: huku kumetulia, bana. Nasi tunatamani kimyakimya. Mimi nasema tuulize kwanza huo utulivu umetengenezwaje, na ni nani umemwacha nje.

Chukua Hampstead Garden Suburb, kaskazini mwa London. Aliyeuanzisha mtaa huu mwaka 1907 ni Henrietta Barnett, mama aliyefanya kazi miaka mingi na maskini wa Whitechapel, mashariki mwa jiji. Alitaka tajiri na fundi wakae mtaa mmoja, na bustani iwe ya wote. Raymond Unwin akachora ramani. Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria maalum mwaka 1906: nyumba zisizidi nane kwa ekari. Barnett naye alitaka kati ya jirani na jirani kuwe na ua wa mimea, si ukuta. Baa marufuku. Hata kengele za kanisa zisisumbue watu.

Sasa hesabu kilichobaki. Ua upo. Baa bado hakuna. Ukitaka kubadilisha sura ya nyumba yako, au kung'oa huo ua, lazima uombe ruhusa ya wadhamini wa mtaa. Lakini fundi yuko wapi? Zile nyumba ndogo alizojengewa leo zina bei ambayo mshahara wake hauwezi hata kuikaribia. Masharti ya kulinda sura ya mtaa yamedumu zaidi ya miaka 100. Ahadi kwa mtu wa kipato kidogo ikaachiwa soko, na soko halina ahadi na mtu.

Kuna wasee watasema: si ni hayo masharti yameokoa uzuri? Ni kweli, na mimi sina vita na miti. Aliyeona Kileleshwa ikigeuka ghorofa juu ya ghorofa anajua mtaa usio na sheria unaliwa vipi. Ninachopinga ni uongo kwamba mtaa ukipendeza, lazima maskini ahame. Ukipunguza idadi ya nyumba, ukaupamba mtaa, halafu ukaacha bei ijipangie, umeweka geti. Geti hilo halina soja wala kizuizi, lakini linafukuza watu wengi kuliko lile la Runda.

Wanaolipita ni wale wanaokuja kazini. Panda basi dogo la H2 kutoka Golders Green uzunguke nalo mtaa mzima, kisha uniambie ni abiria wangapi wanaweza kununua nyumba wanazopita. Wakenya waliokwenda Uingereza kutunza wazee wanaijua hii hali: unapewa ufunguo wa nyumba ya mtu, unamwogesha, unampikia, kisha jioni unapanda basi kurudi kwa keja ya mbali.

Na hii si stori ya Waingereza peke yao. Mpango mkuu wa Nairobi wa 1948 ulichukua mawazo ya mitaa ya bustani kutoka kwao, ukayaleta kwa mji uliokuwa umeshagawanywa kwa rangi: Muthaiga na Karen miti na ekari, Eastlands vyumba. Rangi iliondoka kwenye sheria, bei ikashika zamu.

Kwa hivyo tukidai mitaa ya kijani, na tuidai kwa sauti, sharti la miti na sharti la kodi yaandikwe kwenye karatasi moja, yalindwe na sheria moja. Barnett aliandika la kwanza vizuri sana, la pili akaliachia nia njema. Matokeo tunayaona: ua umenyooka, fundi hayupo.