KICHWA CHA JIWE NI KITU GANI?



Ku masomo yetu tunasikia kila siku: "Huyu alizaliwa na akili, yule kichwa chake ni jiwe." Lakini wengi wanaoitwa jiwe ku kalasi, ukiwakuta mjini ku nyumba za michezo ya video, wao ndio wanatushinda wote! Basi jiwe liko wapi?

Mwaka 2010 wachunguzi wa Marekani, pamoja nao Arthur Kramer wa Chuo Kikuu cha Illinois, walitoa habari juu ya mchezo wa video unaoitwa Space Fortress. Mchezaji anaongoza chombo, anapiga ngome na kuepuka mabomu. Watu 39, wasio na mazoea ya michezo hii, walipigwa kwanza picha ya bongo, kiisha wakajifunza saa 20. Wale wenye sehemu fulani kubwa zaidi, ndani kabisa ya bongo, walijifunza vizuri zaidi.

Wengine watasema: "Munaona? Ni kuzaliwa tu!" Hapana, ngojeni. Ukubwa ule ulieleza karibu robo moja tu ya tofauti kati ya wachezaji. Na picha haikusema kama ukubwa ule ulitoka tumboni mwa mama.

Kuna neno lingine. Kundi moja liliambiwa kutafuta pointi nyingi tu. La pili lilifundishwa kubadilisha: mara kuangalia sana chombo, mara mabomu. Sehemu mbili za bongo zinazosaidia mtu kubadilisha mwenendo zilileta faida katika kundi hili la pili tu. Maana yake, bongo na namna ya kufundishwa vinakwenda pamoja.

Sisi, ku etidi ya mangaribi, tuko sawasawa kundi la kwanza: tunakariri kaye nzima juu ya pointi. Egzame ya Serikali inakaribia. Tunaomba kila kalasi ijaribu njia ya pili: siku moja kanuni za hesabu peke yake, siku ingine kusoma swali vizuri, siku ingine kufanya upesi.

Walimu wetu, kwa heshima tunaomba neno "jiwe" lisisemwe tena mbele ya wanafunzi. Na sisi wenyewe, mwenzetu akishindwa ku ubao, tusicheke. Tumuulize alikwama wapi, tubadilishe njia pamoja naye.